Nimeongeza kompyuta ya nne, kazi ikachelewa kuliko ilivyokuwa na tatu. Wajuzi wa ugawaji wa kazi tusaidiane

MpimaNkuhungu (mleta uzi)

Mbukwenyi wakuu, mlioko hapa makao makuu na mlioko mbali.

Mimi na mwenzangu tuna kaofisi Nkuhungu, tunachakata picha za droni za wapimaji wa viwanja na wenye mashamba. Wiki hii unakuta tuna viwanja vya upande wa Nala, wiki ijayo shamba la zabibu Hombolo. Picha zinakuja kwa maelfu na kompyuta moja haiwezi, kwa hiyo tumeunganisha desktopu tatu kwa swichi, nikaandika kiprogramu kinachoshika orodha ya kazi. Mashine yoyote ikiwa huru inaangalia orodha kuanzia juu na kuchukua kazi ya kwanza iliyo tayari. Iliyo tayari maana yake zile inazozisubiri zimeshaisha.

Sasa kuna mzigo mmoja wa mwezi uliopita, tuliuwasha saa 2 usiku kwa mashine tatu, saa 3 asubuhi tukaukuta umeisha. Masaa 13. Mwenzangu akasema tuongeze ya nne, tukapata ya mtumba ila ni aina ileile, prosesa ileile, ramu ileile. Tukaifunga, nikarudisha mzigo uleule makusudi ili nipime, orodha ileile sijagusa hata mstari, nikawasha saa 2 usiku. Asubuhi saa 3 bado inanguruma, saa 4 bado, imekuja kumaliza saa 6 mchana. Masaa 16! Nikahisi labda kuna kitu kilikwama usiku, nikarudia kesho yake, jibu lilelile, mchana kweupe ndo inamaliza.

Hela ya ile mashine ilitoka kwenye malipo ambayo tulikuwa tumeyapangia kodi ya chumba, kwa hiyo ishu hii inaniuma kweli. Naomba mwenye uelewa anieleze inawezekanaje mashine nne zikashindwa na tatu kwenye mzigo mmoja.

Fundi_Swichi

Mkuu anza na swichi. Kama ni ile ya megabiti 100, mashine ya nne imekuja kugombania njia na wenzake. Pili fungua feni uangalie, vumbi la Dodoma miezi hii ya upepo linajaa ndani mashine inapata joto inajipunguza spidi yenyewe wala haikwambii.

MpimaNkuhungu

Asante mkuu. Swichi ni ya gigabiti na nimepima kusafirisha faili kati ya kila mashine mbili, iko vizuri. Joto nimeangalia, feni nilipuliza wiki iliyopita. Ila nimefungua logi (kumbukumbu za mashine ilifanya nini saa ngapi) za usiku ule nikaona kitu, kuanzia kama saa 7 na nusu usiku ni mashine moja tu inafanya kazi, tatu zimekaa bure zinaisubiri. Masaa kumi yote hayo.

MwalimuWaGrafu

Hiyo sentensi yako ya mwisho ndo yenye jibu, wala usihangaike tena na kebo.

Kuna mtu anaitwa Ronald Graham, alikuwa mwanahisabati wa Maabara za Bell kule Marekani. Mwaka 1966 alichapisha makala kuhusu kitu hikihiki kilichokupata. Alionyesha kwamba ukigawa kazi kwa mtindo wa "aliye huru achukue iliyo juu kwenye orodha", unaweza kuongeza mashine na kazi ikachelewa. Na si hivyo tu, unaweza kufupisha kila kazi ikachelewa, unaweza kupunguza masharti ya nani anamsubiri nani na bado ikachelewa. Mfano wake ni mdogo, chukua kalamu na karatasi uufuate, nakuhakikishia ukiufanya kwa mkono hautausahau.

Kazi ni tisa. K1 inachukua masaa 3. K2, K3 na K4 masaa 2 kila moja. K5, K6, K7 na K8 masaa 4 kila moja. K9 masaa 9. Masharti ni mawili tu: K9 inaisubiri K1, na K5 mpaka K8 zote zinaisubiri K4. Orodha inaenda K1 mpaka K9 kwa mpangilio huohuo.

Mashine tatu (saa ya 2 hapa ni masaa 2 tangu kuanza): zinaanza na K1, K2, K3. Saa ya 2 mashine mbili ziko huru, moja inachukua K4, ya pili inaangalia orodha haioni iliyo tayari, inakaa. Saa ya 3 K1 inaisha, K9 inakuwa tayari, inachukuliwa palepale na itaisha saa ya 12. Saa ya 4 K4 inaisha, mashine mbili zilizobaki zinapiga K5 na K6 mpaka saa ya 8, halafu K7 na K8 mpaka saa ya 12. Zote zimefika pamoja, 12.

Mashine nne: zinaanza na K1, K2, K3, K4. Saa ya 2 K4 imeshaisha, kwa hiyo mashine tatu zinavamia K5, K6, K7. Saa ya 3 mashine ya K1 iko huru, K9 iko tayari lakini K8 ndo iko juu kwenye orodha, inachukuliwa K8. Sasa ile kubwa K9 imekosa pa kukaa mpaka saa ya 6, ikianza hapo inaisha saa ya 15. Na kuanzia saa ya 7 ni K9 peke yake inayofanya kazi, wenzake watatu wanaangalia ukuta.

Ndo logi yako hiyo. Mashine ya nne imewahisha kazi ndogo zikawa tayari mapema, zikajaza mashine zote, kazi ndefu ikakuta nafasi zimekwisha.

MpimaNkuhungu

Mwalimu shikamoo. Nimechora kwenye karatasi mara mbili, inatoka 12 na 15 kweli.

Nimerudi kwenye orodha yangu. Mzigo ule ulikuwa na kitalu cha mlimani ambacho chenyewe ni masaa 10 na kinasubiri tu kusomwa alama za ardhini (zile zinazokaza picha mahali pake kwenye ramani), lisaa limoja. Halafu kuna kazi ya kurekebisha lenzi ambayo vitalu vinne vya tambarare vinaisubiri, kila kimoja masaa manne na nusu. Kitalu cha mlimani mimi nilikiandika chini kabisa ya orodha kwa sababu picha zake zilikuja mwisho! Kwa mashine tatu kilipata nafasi saa 4 na nusu usiku, kwa nne kikaja kuanza saa 7 na nusu. Masaa matatu yaleyale.

MwalimuWaGrafu

Marahaba. Umeona sasa. Na ujue hasara hiyo ina kikomo, Graham aliithibitisha pia, ukitoka mashine tatu kwenda nne kwa mtindo huo muda hauwezi kuzidi mara moja na nusu ya ule wa mwanzo. Wewe umetoka 13 kwenda 16, uko ndani.

Ila angalia mfano wa Graham kwa jicho lingine. K1 na K9 zimefungana, 3 na 9 ni 12. Hata ukileta mashine mia moja, 12 haishuki. Kwa hiyo pale ilipofika 12 kwa mashine tatu ilikuwa imeshagusa sakafu, mashine ya nne ilikuwa haina cha kuongeza tangu mwanzo. Kabla hujatoa hela ya mashine, jumlisha kwanza mnyororo mrefu kuliko yote wa kazi zinazosubiriana kwenye mzigo wako.

BintiMpwapwa

Samahani naomba kuuliza, nasoma kompyuta mwaka wa pili. Kwa nini tusiiache kompyuta yenyewe ijaribu mipangilio yote ichague bora? Si ndo kazi yake.

MwalimuWaGrafu

Swali zuri dada, na ndo roho ya uzi huu.

Tuhesabu. Kila kazi inaweza kwenda mashine yoyote kati ya tatu, kwa hiyo kazi 20 zina mipangilio 3 ikizidishwa yenyewe mara 20, ambayo ni 3,486,784,401. Tuseme kompyuta yako inakagua mipangilio milioni moja kwa sekunde. Hiyo inaisha kwa dakika 58, unakunywa chai unarudi. Ongeza kazi kumi tu ziwe 30, itakuchukua miaka sita na nusu. Ongeza kumi nyingine ziwe 40, tunaongelea miaka 385,000. Na kompyuta yenye spidi mara elfu haikuokoi, maana kila kazi unayoongeza inazidisha kwa tatu, spidi yote ile ya mara elfu unaimaliza kwa kazi saba tu.

Sasa watu wanajibu "sawa lakini labda kuna njia ya mkato ya kijanja". Kwa matatizo mengi ipo. Kwa hili watu wameitafuta zaidi ya miaka 50 hawajaipata. Stephen Cook mwaka 1971 na Richard Karp mwaka 1972 walionyesha kwamba kuna familia ya matatizo ambayo jibu ukipewa unalihakiki haraka, ila kulitafuta kunaonekana kula muda usiovumilika, na yote yamefungwa kamba moja: ukipata njia ya haraka ya moja umeyapata yote. Ndo yanaitwa NP-kamili. Kwenye orodha ya Karp ya matatizo 21 lipo la kugawa namba mafungu mawili yenye jumla sawa. Hilo ni lako kabisa, kugawa kazi kwenye mashine mbili zimalize pamoja! Hakuna aliyethibitisha kwamba njia ya haraka haipo, kuna zawadi ya dola milioni moja toka mwaka 2000 kwa atakayemaliza ubishi huo na bado ipo mezani.

Dalali_Kibaigwa

Wakuu mimi si mtu wa kompyuta, nipo sokoni hapa Kibaigwa, lakini huu uzi nimeuelewa kuliko nilivyotegemea. Sisi hili tunalo kila siku ya msimu. Unakuta kuna magari mawili na wateja kadhaa, kila mteja hataki mzigo wake ukatwe uende gari mbili maana ukifika huko gunia likipungua hakuna wa kumuuliza. Utaratibu wetu ni kuanza na mzigo mkubwa, gari lenye mzigo mdogo ndo linapewa unaofuata, hivyohivyo mpaka uishe. Vidogo vinaziba mapengo mwishoni. Nani alisema tuanze na vidogo? Ukianza na vidogo ule mkubwa wa mwisho unalaza gari moja upande.

MwalimuWaGrafu

Mkuu wa Kibaigwa umeniandikia somo langu la wiki nzima. Huo utaratibu wenu Graham aliuchambua mwaka 1969, kwamba ukianza na kubwa kwenda ndogo, hata ikitokea bahati mbaya kiasi gani hutazidi jibu bora kwa zaidi ya theluthi moja, na kwa magari mawili ni moja ya sita tu. Si kidogo hiyo kwa kitu kinachofanyika kwa sekunde moja kichwani.

Lakini haugongi jibu bora kila mara. Jaribu mizigo ya tani 3, 3, 2, 2, 2. Kwa utaratibu wenu 3 inaenda huku, 3 kule, 2 huku, 2 kule, wote wana 5, halafu ile 2 ya mwisho inafanya gari moja libebe 7. Wakati zile 3 mbili zikikaa pamoja na 2 tatu zikikaa pamoja ni 6 kwa 6.

Dalali_Kibaigwa

Daah ni kweli. Nimepanga vizibo vya soda hapa mezani nimeona. Ila gari huwezi jua mzigo wote mapema, mwingine anakuja wakati ushapakia nusu.

MwalimuWaGrafu

Na kwenye seva ni hivyohivyo, kazi zinaingia moja moja hujui inayofuata. Ile dhamana ya theluthi inakufa hapo, unabaki na ya "mpe mwenye mzigo mdogo" ambayo kwa mashine nyingi inaweza kukaribia mara mbili ya jibu bora.

BintiMpwapwa, jambo moja nisilisahau, kwa mashine mbili na kazi zenye dakika kamili kuna njia ya jedwali. Kazi 40 zenye jumla ya dakika 600: unachora jedwali la 40 kwa 600, visanduku 24,000, kila kisanduku kinajibu "je naweza kufikisha dakika hizi kwa kazi hizi za mwanzo". Inaisha kufumba na kufumbua na inatoa jibu bora kabisa, badala ya mipangilio zaidi ya trilioni moja. Inafaa pale tu namba zenyewe ni ndogo.

Nodi_Kizota

Uzi mtamu, ila naona wote mmeruka kitu kimoja ambacho mimi kimenitesa kazini, nacho ni usafirishaji wa data kati ya mashine. Mpaka hapa mmeongea kama kazi ikihamia mashine nyingine inahama bure. Kwenye mifumo iliyosambaa hilo ndo linakula kila kitu.

Harold Stone mwaka 1977 alitoa njia safi sana kwa mashine mbili, naielezea kwa kamba. Kila kazi iwe nukta. Kazi mbili zinazopeana data zifunge kamba yenye uzito wa dakika za kusafirisha. Pembeni weka nukta mbili, mashine A na mashine B. Kila kazi ifunge kamba kwenda A, ila uzito wa hiyo kamba uwe gharama ya kuiendesha kwenye B, na kamba ya kwenda B uipe gharama ya A. Mbona kinyume? Kwa sababu ukiikata kamba inayoishika A, kazi imeangukia B, na bei uliyolipa kukata ndo bei ya B. Sasa tafuta namna ya kukata kamba ili A na B zitengane kabisa kwa bei ndogo kuliko zote. Kamba za data zilizokatwa ni kazi mbili zilizokaa mashine tofauti, umezilipia usafiri. Kila mkato ni mpangilio na kila mpangilio ni mkato. Na kutafuta mkato mdogo zaidi ni tatizo jepesi, Ford na Fulkerson walishaonyesha miaka ya 50 kwamba ni sawa na kutafuta maji mengi kiasi gani yanaweza kupita kutoka A kwenda B.

Mfano wa mleta uzi. Kulinganisha picha: A dakika 10, B 40. Wingu la nukta (nukta nyingi zinazoonyesha umbo la ardhi): A 25, B 30. Kuchora ramani: A 20, B 8. Kupeleka data kutoka picha kwenda wingu 30, kutoka wingu kwenda ramani 15. Ukimpa kila mmoja anapokaa kwa bei nafuu, ramani inaenda B: 10 na 25 na 8, ongeza usafiri 15, jumla 58. Ukiacha zote A ni 55. Yaani ramani inaonekana inaokoa dakika 12 kwa kuhamia B, kumbe njiani inalipa 15.

Fundi_Swichi

Sasa hapo B si inalala bure? Mimi siafiki. Mashine umenunua halafu hesabu inakwambia usiitumie.

Nodi_Kizota

Mkuu ni kwa sababu Stone anapima jumla ya gharama, hapimi saa ya kumaliza. Ukiwa umekodi seva na unalipia kila dakika inayotumika, jumla ndo bili yako, na njia yake inakupa jibu bora kwa haraka. Ukiwa una mashine zako ndani kama mleta uzi, unachotaka ni ya mwisho imalize lini, hapo njia ya Stone haikusaidii sana na unarudi kwenye ugumu wa Karp hata kwa mashine mbili. Maswali mawili tofauti, watu wengi wanayachanganya mimi nikiwemo kwa mwaka mzima.

BintiMpwapwa

Na mashine zikiwa tatu, mkato unakuwa wa pande tatu?

Nodi_Kizota

Ndo penyewe dada. Unakata ili A, B na C zote zitengane. Unaweza kudhani ni ugumu uleule umeongezeka kidogo, kumbe hapana, pale kati ya mbili na tatu ndo ukuta ulipo. Dahlhaus, Johnson, Papadimitriou, Seymour na Yannakakis, makala yao ya mwaka 1994, walithibitisha kwamba kuanzia tatu ni NP-ngumu, yaani gumu angalau kama yale ya NP-kamili. Wakatoa pia njia ya makadirio: itenge kila mashine na wenzake kwa mkato wake mdogo, upate mikato mitatu, ile ya bei kubwa kuliko zote itupe, zilizobaki ziunganishe. Kwa mashine tatu hutazidi mara moja na theluthi ya jibu bora. Nilivyoisoma mara ya kwanza nilisimama kabisa, kitu kifupi vile na kina dhamana.

MwalimuWaGrafu

Naongezea. Kuna habari njema kwa umbo la kazi la mleta uzi. Shahid Bokhari mwaka 1981 alionyesha kwamba kama kazi zako zimeshikana kama mti, yaani hakuna mzunguko, mpangilio wenye jumla ndogo ya gharama unapatikana haraka kwa idadi yoyote ya mashine. Unaanzia kwenye matawi unapanda kwenda shinani, kila kazi unajiuliza "nikikaa mashine hii, watoto wangu wananigharimu kiasi gani kwa uchache". Hatua zake ni idadi ya kazi mara mashine mara mashine tena. Kazi 31 kwa mashine 4 ni kama hatua 500 tu.

Mzigo wa MpimaNkuhungu unaharibiwa na hatua moja, ile ya kuunganisha ramani mwishoni, kwa sababu kila kitalu kinaifikia na mizunguko inazaliwa. Lakini ukiamua kwamba hiyo inafanyika daima kwenye mashine yenye disiki kubwa, basi usafiri wa kila kitalu kwenda pale unajulikana mapema, unauongeza tu kwenye gharama ya kitalu chenyewe, na kilichobaki ni miti mitupu. Uamuzi mmoja unaukubali kwa hiari, tatizo zima linalegea. Mimi napenda sana mahali kama hapa kwenye somo hili.

Fundi_Swichi

Haya nikubali. Na akiweka grafiki kadi kwenye mashine moja? Maana hapo wingu la nukta linaenda mbio kule, lakini kazi nyingine hazioni tofauti.

Nodi_Kizota

Hapo mashine hazilingani na hata uwiano hauko sawa kwa kila kazi. Lenstra, Shmoys na Tardos mwaka 1990 walitoa njia yenye dhamana ya mara mbili ya muda bora: unaruhusu kwanza kazi zikatwe vipande kwenye hesabu, halafu unazirudisha nzima kwa uangalifu. Na wakathibitisha kwamba kupata dhamana ya chini ya mara moja na nusu ni NP-ngumu pia. Yaani hata kukaribia jibu kuna mwisho wake.

Mzee_Kongwa

Vijana, nimefuatilia kimya. Hesabu zenu zote zinadhani mnajua kila kazi itachukua muda gani. Mimi nimekaa na mashine miaka mingi, disiki ikianza kuchoka kazi ya lisaa inakuwa ya masaa manne na hakuna aliyekwambia. Hapo mpangilio wenu bora unafanyaje?

MwalimuWaGrafu

Shikamoo mzee. Ni kweli kabisa, na waliokumbana nalo kwa ukubwa ni Jeffrey Dean na Sanjay Ghemawat wa Google, walilieleza mwaka 2004 walipotoa mfumo wao wa MapReduce, wa kugawa kazi kubwa kwa mashine nyingi. Dawa yao ilikuwa, mzigo ukikaribia kuisha, kazi zilizobaki zinazochelewa zinapewa mashine nyingine pia, atakayetangulia kumaliza ndo anahesabiwa. Walipozima utaratibu huo kwenye jaribio lao la kupanga data, muda uliongezeka kwa asilimia 44. Kwa mashine nne za Nkuhungu nisingefanya hivyo kwa kitalu cha masaa kumi, ila kwa vidogo vya mwishoni inafaa.

Mzee_Kongwa

Marahaba. Hiyo nimeielewa, ni kama kutuma watoto wawili dukani.

MpimaNkuhungu

Wakuu nimerudi na majibu, samahani nimekaa kimya siku nne, nilikuwa napima.

Jaribio la kwanza. Kiprogramu nimekibadilisha kitu kimoja tu, kila kazi sasa inabeba namba ya masaa ya mnyororo wake mpaka mwisho, na orodha inapangwa kwa hiyo namba, mrefu juu. Alama za ardhini zimepanda namba moja kwa sababu nyuma yake kuna kitalu cha mlimani. Mashine nne, nimewasha saa 2 usiku, saa 1 na nusu asubuhi imeisha. Masaa kumi na moja na nusu. Alama lisaa limoja, mlima masaa 10, kuunganisha nusu saa. Sakafu kabisa, haina hata dakika ya kupunguza.

Jaribio la pili nimezima mashine ya nne. Tatu, orodha mpya. Saa 1 na nusu asubuhi. Ileile! Mwenzangu alikuwa amesimama mlangoni na funguo za ofisi, hatukuongea kwa muda. Mwalimu ulisema tujumlishe mnyororo kabla ya kununua, basi tungejumlisha tungejua.

Jaribio la tatu ndo limenipa usingizi. Kitalu cha mlimani nimekikata viwili. Kuna gharama, picha za mpakani lazima ziingie pande zote mbili la sivyo mshono unaonekana kwenye ramani, kwa hiyo badala ya 10 vimekuwa masaa matano na nusu kila kimoja, lisaa zima la ziada. Mashine nne, nimewasha saa 2 usiku. Saa 12 na nusu asubuhi nimeamshwa na ukimya, maana nilikuwa nimelala palepale kwenye mkeka na feni zote zikatulia kwa pamoja. Masaa kumi na nusu. Hapo mashine ya nne imefanya kazi kweli.

Bado sijajua nikate vipande vingapi. Nikikata mlima vinne mipaka inaongezeka, picha za kurudia zinaongezeka, nahisi kuna mahali faida inageuka. Mwalimu, hiyo ya miti nataka kuijaribu kwenye mzigo wa Hombolo, nimeshaiweka hatua ya kuunganisha kwenye mashine yenye disiki kubwa kama ulivyosema.

BintiMpwapwa

Kaka hongera sana. Naomba hizo logi za majaribio yote matatu kama hutojali, nataka nichore nione zinavyopishana, na nikuhesabie hiyo ya vipande viwili, vitatu na vinne.

MpimaNkuhungu

Karibu dada, nimeziweka kwenye fleshi. Kama uko mjini Jumamosi pita, tupo mpaka saa 8 mchana. Na Dalali wa Kibaigwa, vile vizibo vyako mezani navyo nimeviiga, vitalu vyote sasa nimevipanga ukutani kwa vikaratasi, kikubwa juu.